Pikipiki ikimisi, usikimbilie kabureta

Karibu kila kijana anayeletwa kwangu hapa Kondele, Kisumu, kujifunza ufundi huja na tabia moja. Mwenye boda anafika, anasema, "Fundi, pikipiki haivuti," na kabla hajashuka vizuri kijana ameshashika bisibisi na anafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Mimi pia nilianza hivyo. Nawaandikia ninyi mlioingia kazini mwaka huu kwa sababu tabia hiyo inawagharimu watu pesa ambazo wengi wao hawana.

Kabureta ina vitundu vyembamba kama nywele. Ikifunguliwa bila sababu, juu ya meza yenye vumbi, inaweza kurudi na ugonjwa ambao haikuwa nao. Mwache mwenye pikipiki aongee kwanza. Inamisi, yaani inakatakata, ikiwa baridi au ikishapata moto? Ni ukipiga resi, au ikinguruma tu imesimama? Ilianza lini, na siku hiyo ulifanya nini? Uliosha? Uliweka mafuta wapi? Nani aliigusa mara ya mwisho? Swali hilo la mwisho uliza kwa upole, maana wengi huona haya kusema kwamba wamepitia kwa fundi mwingine.

Mwaka wangu wa kwanza, mwendesha boda mmoja wa Nyalenda alileta pikipiki iliyokuwa ikizima kila baada ya kilomita tatu au nne. Akingoja dakika chache, inawaka kama kawaida. Nilifungua kabureta mara tatu siku ile. Nikabadilisha plagi, inayotoa cheche. Nikamwambia anunue koili mpya, inayoipa plagi umeme, naye akanunua. Jioni ikazima tena akiwa na abiria nyuma. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakushika hata spana. Aliiwasha, akaiacha ingurume mpaka ikaanza kudhoofika, kisha akafungua kifuniko cha tangi. Tukasikia hewa ikivutwa ndani, fsss, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Pikipiki ikarudi sawa pale pale. Kitundu cha kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoshikana kwa maji. Mafuta yakishuka kutoka kwenye tangi, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Isipoingia, mafuta husimama njiani. Pini moja na dakika moja vilitosha. Koili ile ilimla yule bwana mapato ya siku mbili, na dukani hawakukubali kuirudisha. Bado nikimwona stejini roho huniuma.

Kwa hiyo kifuniko cha tangi ni cha kwanza, kisha koki ya mafuta, mpira wake, na eya klina, yaani chujio la hewa. Eya klina hapa kwetu huchoka haraka kuliko kitabu kinavyosema, hasa kwa wanaopita barabara za murram. Ikiziba, injini hukosa hewa, moshi unakuwa mweusi na mafuta yanaisha upesi. Usiitoe na kumwambia mtu atembee bila hiyo ati ipate nguvu. Vumbi litaingia kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni, na mwaka hautaisha kabla hajarudi akitoa moshi wa buluu.

Baada ya hapo toa plagi. Plagi inaongea, na hili nataka mlikalie. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi, kavu, yenye masizi yanayopanguka ukiyagusa, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na imelowa oili yenye kuteleza, oili inapanda kupitia ringi au inashuka kupitia mipira ya valvu, ile milango ya kuingizia hewa na mafuta na ya kutolea moshi. Nyeupe kabisa, yenye dalili za kuungua, ina maana hewa imezidi au injini inachemka. Hiyo usiirudishe barabarani kabla hujajua sababu. Pima pengo lake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Pikipiki nyingi tunazotengeneza hapa zinataka milimita 0.6 hadi 0.7. Pengo likiwa kubwa mno, cheche hushindwa kuruka injini ikibeba mzigo, na ndipo mtu analalamika kwamba ikiwa tupu iko sawa lakini ikipanda mlima wa Riat na abiria wawili inamisi.

Kuangalia cheche, ingiza plagi kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ulilotoa plagi, kisha piga kiki. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu hilo hushika moto, na jirani yako anachomelea geti hatua tano kutoka hapo. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika. Ikiwa nyekundu au ya manjano na dhaifu, jaribu plagi nyingine unayoijua ni nzima kabla hujataja koili au CDI, kile kisanduku kinachoongoza cheche. Angalia pia kofia ya plagi. Wanaoosha pikipiki ziwani pale Lwang'ni hurudi kwetu siku hiyo hiyo wakisema imekufa, kumbe maji yameingia ndani ya kofia. Ikaushe, kata milimita chache za waya iliyooza kwenye ncha, funga tena.

Mafuta yenyewe yanahitaji kushukiwa. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwaga. Huhitaji kufungua kabureta nzima. Ilegeze, kinga kwa chupa inayoonyesha ndani, subiri kidogo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Kama unashuku mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila alama, ila iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara bado sina imani nayo.

Sasa tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ndogo juu ya valvu. Hapa ndipo fundi mzuri na fundi wa haraka huachana. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inakataa, ikisimama kwenye makutano inazima. Wengi hugeuza skrubu za kabureta siku nzima. Mara nyingi tapeti zimebana. Chuma kikipata joto hurefuka. Pasipokuwa na nafasi, valvu haifungi, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unavuja, na valvu ya kutolea moshi huanza kuungua kwenye ukingo. Tatizo lingine ni wateja wenyewe: wanasikia tapeti zikigonga, wanakwambia "kaza mpaka inyamaze." Usikubali. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko isiyolia kabisa, na mweleze mteja hivyo kwa heshima hata kama ataenda kwa mwingine.

Injini iwe baridi. Mimi humwomba mtu aiache jioni, niifanye saa moja asubuhi. Fungua vifuniko vya tapeti na vya magneti, zungusha taratibu mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kava. Shika roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, zote zichezecheze. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi, maana uko kwenye mpigo usiofaa. Kwa nyingi za cc 100 hadi 150 utakuta milimita 0.05 upande wa kuingizia na 0.10 wa kutolea moshi, lakini fuata kitabu cha pikipiki iliyo mbele yako. Fila geji ipite kwa kushikwa kidogo, kama unachomoa karatasi katikati ya kitabu kilichofungwa. Halafu shikilia skrubu isigeuke huku ukikaza nati, na upime tena. Nati huvuta skrubu pamoja nayo, na wanaoanza karibu wote husahau kupima mara ya pili.

Mgandamizo ukiwa hafifu baada ya yote hayo, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ukipanda, ni ringi au silinda. Usipopanda, ni valvu. Hapo ongea na mwenye pikipiki kuhusu bei kabla ya kufungua kichwa cha injini.

Na kuna pikipiki zisizo na ugonjwa wa injini kabisa. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Breki ikikamata, cheni ikibana, upepo ukipungua, mtu atakwambia injini haina nguvu. Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki.

Mara kwa mara utaletewa moja iliyobadilisha makao. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na Timboroa inapita 2,700. Hewa hupungua ukipanda, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyosetiwa ziwani ikifika juu huko huleta mafuta mengi kuliko hewa iliyopo: plagi inakuwa nyeusi, nguvu inapungua. Hakuna kilichoharibika, inahitaji jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, iliyo ndogo zaidi au kusetiwa upya. Zenye injekta badala ya kabureta hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo zikimisi mlimani tafuta sababu nyingine.

Ukifika kwenye kabureta baada ya yote haya, sasa ifungue, na kwa moyo mtulivu. Tandaza kitambaa cheupe. Skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka ikome ukihesabu mizunguko, uiandike, kabla ya kuitoa. Jeti zipulizwe kwa upepo, usizichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo tu vipimo vyake vimeharibika. Ikiwa ina kiwambo cha mpira, kitoe kabla ya kupuliza, la sivyo kitapasuka.

Rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha plagi, koili na jeti kwa pamoja na ikapona, hutajua kilichoiponya, na mteja amelipia vitatu.

Ukimaliza, usiijaribu hapo stejini tu. Mimi hupanda nayo kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, mwenyewe akiwa nyuma ili injini ibebe uzito wake wa kila siku. Juu ya mlima naizima, nangoja ipoe kiasi cha kushikika, natoa plagi pale pale kando ya barabara na kumwonyesha rangi yake.