Jibu: Kufifisha nyuma ya picha bila "moshi" pembeni ya mtu

Dada, umeuliza kwa nini ukififisha nyuma ya picha ya mama kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, ushungi wake mwekundu unatoa kama moshi pembeni. Kosa si la mkono wako. Programu ikififisha huchanganya kila nukta na jirani zake, kwa hiyo wekundu wa ushungi unamwagikia ukutani.

Dawa ni kumwondoa mama kwenye leya (tabaka la picha) ya chini kabla ya kufifisha. Nakili leya, ziwe mbili. Kwenye ya juu, mzungushie mama mstari kwa Free Select, lainisha ukingo kwa pikseli 2 au 3, kisha weka maski, yaani kifuniko kinachoacha ulichozungushia kionekane na kuficha mengine. Tafadhali usitumie kifutio. Maski unaweza kuirekebisha hata kesho. Kwenye ya chini, chukua Clone (kifaa kinachonakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine) upake rangi ya ukuta juu ya mama, hasa pembezoni mwake. Ikitoka vibaya usihangaike, leya ya juu itafunika. Sasa ndiyo uende Filters, Blur, Gaussian Blur. Anza na 10, upande taratibu huku unatazama.

Na hapa ndipo wengi huharibu: sakafu aliyokanyaga haitakiwi kufifia. Ikififia, mama ataonekana kama amebandikwa. Rudi kwenye maski, shika brashi kubwa laini yenye rangi nyeupe, upake kuzunguka miguu yake mpaka sakafu irudi, ikipotea polepole kuelekea ukutani.

Nywele hazitakusumbua, ushungi umezifunika zote.