Kitabu si karafuu

Walimu wapya wa historia, juzi nimeingia skuli moja hapa Pemba nikamkuta mwenzenu na selotepu mkononi, anaunga kitabu cha watu. Nikamnyang'anya. Baadaye nilimtaka radhi, maana mie nilishafanya kubaya zaidi.

1. Selotepu marufuku. Gundi yake hugeuka njano, ikazama ndani ya karatasi.

2. Kitabu kikirowa msikianike juani. Mwaka wangu wa pili kazini, mwanafunzi aliniletea kitabu cha babu yake, cha mkono, kwa hati za Kiarabu, nikioneshe darasa. Ilikuwa masika na bati la ofisi linavuja. Asubuhi nakikuta chepechepe. Mtoto wa shamba mie, najua kukausha kitu kimoja tu: karafuu. Nikakata uzi, nikatandaza kurasa uwanjani juu ya mkeka, kila moja na kijiwe chake, nikenda zangu kufundisha. Kurudi, wino mwekundu umepauka, kurasa zimekakamaa kama papa mkavu, na nyengine ziko kwenye mihogo. Nambari hazina. Nikazipanga kwa kukisia, nikampelekea mwenyewe.

Mzee hakufoka, na afadhali angefoka. Alinionesha chini ya ukurasa wa kulia, pembeni, kijineno kimoja kimeandikwa mshazari.

"Mwalimu, neno hili ndilo linaloanza ukurasa wa pili yake. Hukuliona?"

Sikuliona! Na shahada yangu ya historia. Tulikaa kutwa barazani tukitafuta neno na mwenziwe, yeye anasoma, mie nachambua. Kurasa mbili hazikupata wenzao. Chai aliniletea, lakini kitabu hakuniazima tena.

3. Kausheni kivulini penye hewa, karatasi kavu katikati ya kurasa, mzibadilishe zikirowa.

4. Picha ya simu kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Nyinyi simu mnazo kutwa mkononi, sijui mnangoja nini.

5. Vitu vya asili, kama kitabu kile cha mzee, viingie darasani. Watoto wanakariri kwamba vita vya Waingereza na Zanzibar vya Agosti 27, 1896 havikufika saa moja, ukiwauliza Khalid bin Barghash, aliyepigwa na Waingereza siku hiyo, aligombea nini, kimya.

6. Tarehe. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria. Msijumlishe 622, mwaka wa Miladi ilipoanza Hijria, mkapata 1122. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, si 365, kwa hiyo ni 1107. Mie nilifundisha 1122 muhula mzima, nikaweka na alama ya vyema. Mkikutana na mtu mzima anayebisha hivyo, muulizeni alisoma wapi, kisha mumsamehe.