Maswali na majibu: Chaja ipo, mwenyewe yuko wapi?

Barua ni nyingi wiki hii. Zote zinazouliza "gari la umeme linakwenda kilomita ngapi" nimeziweka kando. Nimeshazijibu mara tatu na jibu halijabadilika: inategemea gari gani, betri ina umri gani na mguu wako una uzito gani. Zilizobaki karibu zote ni za maegesho ya Kampala. Twende.

Nilifika kwenye jengo moja la maduka, nafasi zote mbili za kuchaji zimekaliwa na magari ya petroli. Askari akasema hana la kufanya. Nifanyeje? (Dereva, Ntinda)

Pole, ssebo. Ghorofa kama hiyo ya chini nami nimeizunguka mara nne siku moja, huku Harrier na Prado zimetulia chini ya alama ya kijani iliyochorwa plagi kubwa kama sufuria. Nikamwita askari. "Mzee, huyo ni mheshimiwa." Mheshimiwa gani? "Sijui, lakini gari ni kubwa."

Askari usimlaumu. Kazi aliyoajiriwa ni kufungua geti, kupitisha kioo chini ya gari na kuandika namba. Hakuna aliyewahi kumweleza ile mashine ni ya nini. Wenye majengo wengi wananunua chaja kama wanavyonunua maua ya plastiki ya mapokezi: inapigwa picha siku ya kwanza, basi. Baada ya hapo haina baba wala mama.

Mwaka jana niliingia kwenye maegesho fulani mjini saa mbili usiku, betri imebaki asilimia 9. Mashine giza tupu. Kwenye kibandiko kulikuwa na namba ya simu, ila tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimefutwa na jua. Baada ya nusu saa ya kubahatisha, kijana anayeosha magari akanifungua macho: swichi ya chaja iko chumba kimoja na swichi za taa za nje, msimamizi huzizima zote akienda nyumbani, na ufunguo anao yeye. Nikashika njia ya Kyaliwajjala na asilimia zangu tisa. Kwenye mlima wa Banda kasa akawaka kwenye dashibodi. Wenye Leaf, gari la umeme la Nissan, wanamjua huyo kasa. Akishawaka, gari nalo linatembea kama yeye. Vijana watatu wa boda walinisukuma sehemu iliyobaki hadi kituo cha mafuta, nikawapa elfu kumi kila mmoja, na mwenye duka pale akachomoa friji ya soda ili nipate soketi. Nilikaa saa mbili nikitazama soda zikipata joto. Nilinunua nne kwa aibu.

Kwa hiyo: piga simu kabla ya kwenda. Namba isipopokelewa, hesabu kwamba chaja hiyo haipo, hata ukiiona kwa macho. Ukikuta imezibwa, usigombane getini. Nenda ofisi ya jengo, andika barua, na udai vitu viwili tu: mtu mmoja wa kila zamu anayeijua mashine na mwenye ufunguo, na koni mbili za plastiki ambazo askari ndiye anayeziondoa. Koni mbili na askari aliyepewa maelekezo zina nguvu kuliko ndoo kumi za rangi ya kijani.

Nimechaji kilowati 20, je, nimeibiwa? (Bila jina)

Hukuchaji kilowati 20. Ulichaji uniti 20, yaani kilowati-saa 20. Kilowati ni kasi, uniti ni kiasi. Niliandika haya mwezi wa tatu, nikarudia mwezi wa tano. Yabandikeni kwenye friji.

Mashine imeandikwa kilowati 7, lakini gari langu linavuta 3 na kidogo. Natozwa kwa saa. Wananidanganya? (Mwalimu, Mukono)

Mashine haikudanganyi. Kile kisanduku cha ukutani ni bomba tu. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme wa ukutani uwe wa betri, imo ndani ya gari, na katika Leaf nyingi za zamani haivuki kilowati 3.3 au 3.6. Ndama ukimletea bomba la inchi nne hatakunywa upesi zaidi. Wapo wenye Leaf za kilowati 6.6, chunguza karatasi za gari lako kabla ya kulaumu ukuta.

Lakini kwenye kutozwa kwa saa una haki ya kukasirika. Wewe na mwenye gari la kilowati 7 mnakaa saa ileile na kulipa pesa ileile, halafu unaondoka na nusu ya umeme wake. Hesabu ya haki ni kwa uniti, na mita ya kuzihesabu si kitu cha ajabu nchi hii. Kama jengo linataka kutoza muda, litoze muda wa kukaa baada ya betri kujaa. Hapo nitawapigia makofi.

Leaf yangu imetoka Japani juzi. Waya wa chaja ya maegesho hauingii kwenye gari. Mashine ni mbovu? (Mfanyabiashara, Bugolobi)

Mashine ni nzima, ndugu yangu. Ulinunua gari bila kutazama mdomo wake. Fungua kifuniko cha mbele: tundu dogo lenye pini tano ni Taipu 1, la umeme wa kawaida, lile kubwa ni CHAdeMO, la kuchaji kwa kasi. Waya wa maegesho una pini saba, Taipu 2. Hawa hawajawahi kuoana. Kama mashine ina soketi bila waya, nunua waya wenye Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1 upande mwingine, uuweke kwenye buti pamoja na spea taya. Kama waya umefungwa kwenye mashine, utahitaji kiunganishi. Nunua kwa mtu mwenye duka ambaye kesho utamkuta, na usinunue kile kilichobadilika rangi kwa joto eti kwa sababu kimeshushwa bei. Vile vya kugeuza CCS, plagi nyingine ya kuchaji kwa kasi, kuwa CHAdeMO sikushauri kabisa. Bei yake inauma, na vikikataa katikati ya kuchaji hakuna fundi atakayekuelewa.

Jina hilo CHAdeMO, kwa taarifa yako, lina utani wa Kijapani ndani yake: ni kama kumwambia mtu "karibu chai" wakati gari linachaji. Kwetu Kampala chai hiyo huombwa getini.

Na wewe ambaye bado uko kwenye mnada unabonyeza picha: hesabu vile vijiti vidogo pembeni mwa kipimo cha betri. Betri mpya huonyesha 12. Kikipotea kimoja tu, karibu asilimia 15 ya betri imeshakwenda. Muuzaji akikutumia picha ambayo kidole kimefunika upande huo, jibu umeshapata. Leaf za mwanzo, za 2010 na 2011, ziache huko huko. Sheria yetu ya 2018 haitaki gari lenye miaka 15 au zaidi, na betri za umri huo ni za kuwashia taa ya kuku.

Naweza kutoka Kampala hadi Mbarara na Leaf ya uniti 24? (Kijana, Makindye)

Hapana. Ikweta pale Kayabwe utafika na kupiga picha. Masaka, kama betri imechoka, sina hakika utafika. Mbarara ni kama kilomita 270. Panda basi.

Maegesho ya ofisini hayana chaja, lakini kuna soketi ya kawaida ukutani. Nikichomeka kichaji cha mkononi kinawaka taa nyekundu. Fundi wa jengo anasema atairekebisha kwa dakika tano kwa kuunganisha aethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) na nyutro (waya unaorudisha umeme). Nimruhusu? (Mhasibu, Nakasero)

USIMRUHUSU. Dada, hata usimalize kusoma; mpigie simu kwanza umwambie aache, kisha urudi hapa.

Umerudi? Taa nyekundu mara nyingi inasema hakuna aethi, au ipo ila ni dhaifu. Majengo yetu mengi yana tundu la tatu kwenye soketi kama pambo. Nyuma yake hakuna waya, au upo umeishia kwenye ukuta. Pasi na televisheni havijali, ndiyo maana hakuna aliyegundua miaka yote hiyo. Kichaji cha gari kinajali, na kimetengenezwa kijali. Fundi akiunganisha aethi na nyutro pale kwenye soketi, taa itageuka kijani na wewe utafurahi, hadi siku waya wa nyutro utakapokatika mahali. Siku hiyo bodi nzima ya gari inaweza kuwa na umeme, na atakayeigusa amesimama kwenye sakafu yenye maji ni yule kijana wa kuosha magari. Dawa ni fundi mwenye kibali achimbie fimbo ya aethi, aipime kwa kifaa si kwa mdomo, na aweke swichi inayojikata umeme ukivuja.

Jambo jingine hukuliuliza: ekstensheni. Ninayo moja hapa mezani, niliinyang'anya kwa rafiki yangu. Pini moja imekuwa kahawia, na plastiki kuizunguka imelegea kama nta. Alikuwa akichajia gari usiku kucha, waya mwembamba umebaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake, chini ya zulia. Ampea kumi kwa saa kumi mfululizo si sawa na ampea kumi za birika la chai. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, acha.

Gari la mwenzangu limejaa tangu saa mbili zilizopita, yeye yuko sinema. Naruhusiwa kuchomoa waya wake? (Msomaji, Naalya)

Waya wa Taipu 2 mara nyingi hujifunga kwenye gari, kwa hiyo ukiuvuta utavunja kitu na utakilipa wewe. Hata kama hautajifunga, mimi siungi mkono kugusa gari la mtu asipokuwepo. Leo unachomoa lililojaa, kesho mwingine atachomoa langu likiwa asilimia 40 kwa sababu "nilidhani".

Lakini mwenye gari naye ana lake la kujibu. Ukichaji, acha karatasi kwenye dashibodi: namba ya simu na saa utakayorudi. Karatasi, si ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Mimi huandika nyuma ya risiti ya maegesho na nimeshapigiwa mara mbili. Zote mbili nilitoka nikasogeza gari bila ugomvi. Aliyenipigia mara ya pili aliniita "mjomba", nikasahau hata filamu niliyokuwa natazama.

Mimi ni wa boda ya umeme. Askari wananifukuza kwenye chaja za magari. Ni haki? (Kawempe)

Chaja ile ya pini saba haitakufaa kwa chochote, hata wakikuruhusu. Boda nyingi za umeme mjini ni za kubadilisha betri: unatoa iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unaondoka kabla abiria hajakasirika. Kwa mtu anayekula kwa safari hiyo ndiyo njia. Kama yako ni ya plagi ya kawaida, omba soketi, lipia, na usiache betri ikichaji juu ya kitambaa au karibu na mtungi wa gesi wa mama wa chipsi. Ila wenye maegesho nao wajue kwamba nyinyi ndio wengi barabarani. Anayejenga leo nafasi nne za kuchaji magari bila kona ya boda amepiga hesabu ya mji mwingine.

Yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha usiku gari likiwa katikati ya kuchaji. Je, maegesho ni nafuu kuliko nyumbani? (Mama wa watoto watatu, Kira)

Nyumbani ni nafuu, karibu siku zote. Mama, tazama risiti yako ya Yaka vizuri. Kwa bei za 2025, uniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, kisha bei inaruka juu ya 700. Lakini kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412. Waliiweka kwa ajili ya kupika, ili tuache makaa. Gari halipiki, ila mita haiulizi. Ukivuka 150 bei inapanda tena. Kwa hiyo nunua uniti za kutosha mapema, na weka gari lianze kuchaji usiku wa manane majirani wakiwa wamelala na umeme umetulia.

Na tafadhali, nyote mnaoniandikia kulalamikia Umeme: kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, na kesho yake UEDCL, kampuni ya serikali, ikashika kazi. Unaokatika sasa ni umeme wa herufi ndogo.

Programu ya malipo inazunguka tu nikiwa ghorofa ya chini. (Wasomaji watano tofauti)

Kwa sababu huko chini hakuna mtandao. Mtu aliweka mashine inayodai intaneti ndani ya shimo la zege, kisha akaenda zake. Omba kadi ya kugusa kama wanayo. Kama hawana, panda ngazi, fungua malipo juu, shuka mbio. Mimi nina miaka 58 na nimeacha kushuka mbio.

Umeme ukikatika na jengo likawasha jenereta, niendelee kuchaji? (Mwanafunzi, Makerere)

Umeme wetu mwingi ni wa maji: Karuma peke yake, iliyozinduliwa 2024, ni megawati 600. Jenereta la jengo ni dizeli, na gharama yake utaikuta kwenye bili. Isitoshe, mashine nyingi hujizima umeme ukibadilika na hazijiwashi tena mpaka mtu azizime na kuziwasha. Chomoa, subiri umeme urudi, kisha mtafute mwenye ufunguo. Ukimpata, niandikie jina lake na zamu yake; nina wasomaji wengi wanaomtafuta.