Tuanze na paa: majibu kwa wenye nyumba za wazee

Mvua zimekwisha, kusi linavuma, na mafundi wa Mtwara na Lindi wameanza kupanda juu ya mapaa. Maswali yenu safari hii karibu yote yanahusu nyumba walizotuachia wazee: za mawe kule Mikindani, za udongo na fito vijijini, za tofali mjini. Nimechukua saba. Bei sikuzitaja, maana bei ya Lindi mjini si bei ya Liwale, na ya leo si ya kesho.

Shikamoo fundi. Nyumba ya bibi yetu Mikindani ni ya mawe. Kaka aliipiga lipu ya saruji miaka mitano iliyopita, sasa kwa chini inabanduka na kutoa unga mweupe. Tuna milioni moja na nusu. Tupige lipu upya au tupake rangi ya mafuta? (Dada wa Mtwara mjini)

Marahaba, mwanangu. Nakuomba usifanye hata moja kati ya hayo.

Sugua ule unga kwa vidole. Utauona una chembe zinazong'aa: hiyo ni chumvi. Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi, yanavuta maji kutoka ardhini kama kitambaa kilichochovywa ncha. Wazee walijua hivyo, ndiyo maana walijengea chokaa na kupaka chokaa. Chokaa inapitisha unyevu, maji yanapanda kidogo na kukauka kwa nje. Saruji inaziba. Maji yakikosa pa kutokea yanazidi kupanda ndani ya ukuta, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inavimba, na lipu inabanduka ikiwa imeng'ang'ania ganda la jiwe. Nilifanya kosa hilo hilo kwenye nyumba ya mama yangu. Tulipoibandua ile saruji, tulikuta jiwe limeliwa kina cha kidole kizima, na jiwe lililoliwa halirudi. Naliona kila nikipita pale, na ndiyo sababu nawasihi sana.

Fanya hivi. Kwanza zunguka nyumba kwa nje uangalie usawa wa ardhi. Miaka mingi ya kufagia, kumwaga taka na kuinua barabara huwa imepandisha udongo, na nje kukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimba ule udongo uushushe, kisha tengeneza mfereji wenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta. Kazi hiyo ni ya majembe na vijana wa familia, na kuta nyingi hupona nusu kwa hiyo tu.

Pili, bandua lipu ya saruji mpaka nusu mita juu ya pale unyevu unapoishia. Tumia tindo na nyundo ndogo, taratibu. Sehemu iliyoshika sana usiilazimishe, utang'oa mawe. Fagia chumvi kwa brashi kavu, ukusanye ule unga ukautupe mbali. Usiumwagie maji pale pale, utaurudisha ukutani. Kisha uache ukuta wazi kiangazi chote. Najua unaonekana mbaya na wageni watasema. Waache waseme.

Tatu, karibu na mwisho wa kiangazi, piga lipu ya chokaa: chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe wa mtoni, wa ufukweni una chumvi tayari. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa wiki moja au zaidi ndipo uichanganye. Lowanisha ukuta kidogo, piga tabaka jembamba, ngoja likaze, piga la pili. Tundika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe haraka. Chokaa inaunguza macho: funika macho, na ikiingia osha kwa maji mengi uende hospitali.

Fedha yako iende kwanza kwenye paa na mfereji, kinachobaki ndicho kinunue chokaa. Na kabla ya kubomoa chochote, uliza umri wa nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kale, na Mikindani ni mji wa kale. Nenda ofisi ya halmashauri au ya mambo ya kale ujue kama nyumba yako imo. Ukiwa huko, pita Boma la zamani, lile waliloanza Wajerumani mwaka 1895 na ambalo baadaye lilikarabatiwa. Gusa kuta zake, utaelewa ninachosema.

Niko Rahaleo, Lindi. Bati za baba zimeoza. Dukani naambiwa geji 32 ni rahisi na geji 28 ni ghali. Tofauti ni nini?

Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari nakushauri 28, na kama fedha haifiki, ezeka upande mmoja mwaka huu na mwingine mwakani. Geji 32 hewa ya chumvi italimaliza mapema, tena fundi akilikanyaga linabonyea.

Ila kabla ya bati, angalia kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na namna zilivyofungwa ukutani. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu. Upepo haubonyezi paa, unalinyanyua. Funga kila kenchi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa nondo nyembamba au waya mnene, na misumari ya bati iwe na mipira yake, ipigwe juu ya tuta la bati, isipigwe bondeni maji yanapopita.

Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Fedha napata mnadani mwezi wa kumi na moja, mvua nazo ndiyo zinaanza. Kila mwaka nashindwa kuezeka nyumba ya marehemu mjomba. Nifanyeje?

Kaka, shida yako ni ya kusini nzima. Fedha inaingia mvua zikiingia, na zikikatika mwezi wa tano mfuko umeshakauka kwa ada za shule na pembejeo.

Kwa hiyo tenganisha kununua na kujenga. Ukilipwa, nunua vifaa vinavyokaa: bati, mbao, misumari, nondo. Bati zihifadhi ndani zikiwa zimesimama, na vijiti katikati yake ili hewa ipite. Zikilazwa zimebanana na maji yakaingia, zinapata madoa meupe na kuharibika kabla hujazitumia. Mbao zipange kivulini juu ya matofali, na vipande vya mti kati ya mstari na mstari. Mpaka Juni zitakuwa zimekauka, na mbao kavu haipindi ikishapigiliwa. Kitu kimoja usinunue mapema: saruji. Kwa unyevu wetu, mfuko ukikaa miezi mitatu huwa umeshaanza kushika mabonge. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, nunua wiki ya kazi.

Fedha ya fundi mpe mtu anayeweza kukukatalia. Kwangu alikuwa dada yangu mkubwa.

Na kwa kuwa uko juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni taabu tangu enzi za mababu, usiezeke bila mifereji ya bati na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, ikinyesha milimita 20, linashusha lita 1,200. Hata ukipoteza robo, ni ndoo nyingi ambazo mkeo na watoto hawatazibeba kichwani.

Nyumba yetu Nachingwea imeezekwa kwa mabati ya kijivu kama saruji, mazito, yana mawimbi. Mengine yamepasuka. Fundi anataka kuyavunja kwa nyundo ayafukie kama kifusi.

Msimamishe leo. Yanaweza kuwa asbesto, iliyotumika sana kwenye majengo ya zamani. Likiwa zima juu ya paa, madhara yake ni madogo. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likisuguliwa, linatoa nyuzi ndogo zisizoonekana. Zikiingia mapafuni hazitoki, na huleta saratani baada ya miaka mingi. Usilifagie vumbi lake likiwa kavu na usivitumie vipande kujazia njia. Wasiliana na afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri kuhusu namna ya kuyashusha na mahali pa kuyapeleka. Yanashushwa yakiwa mazima, yamelowa maji, na watoto wakiwa mbali. Hapa sikushauri kubana matumizi.

Shikamoo mzee. Nyumba ya babu Ruangwa ni ya miti na udongo. Ndugu wanasema ibomolewe kwa sababu ni ya kimaskini. Ina ubaridi mzuri na naipenda. Inaweza kuokolewa?

Marahaba. Inaweza, na unavyoipenda ni haki yako. Udongo hauna umaskini. Ukuta mnene wa udongo unatulia mchana wa jua kali kuliko tofali jembamba la saruji chini ya bati.

Adui wake ni maji ya chini na ya pembeni. Chuchumaa kwenye kona, ukwangue udongo wa chini kabisa mpaka uone mguu wa nguzo. Choma kwa kisu. Kikigota, nguzo nzima. Kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, imeoza. Nguzo iliyooza kata sehemu mbovu tu: egemeza paa kwa mti wa muda, kata, weka jiwe kubwa au zege dogo lililopanda juu ya ardhi, kisha simamisha kipande kipya juu yake. Nguzo moja moja. Ukitoa mbili kwa pamoja ukuta utalala.

Halafu refusha upenu ufike angalau sentimita 60 nje ya ukuta, na uzungushie nyumba baraza la mawe lenye mteremko wa kutoa maji. Nyufa ziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ulale siku mbili tatu kabla ya kupaka. Saruji juu ya udongo iache, mbili hizo hazishikani. Baada ya mvua mbili utaiona inaning'inia kama ganda la yai lililopasuka.

Mchwa wameingia kwenye boriti za dari. Nipake oili chafu?

Oili chafu ndani ya chumba cha kulala sipendi, kwa harufu yake na sumu yake. Tafuta kwanza njia yao: lazima kuna mstari wa udongo unaopanda ukutani kutoka chini. Ufuatilie mpaka unapoanzia, uukate, na upigie dawa ya mchwa pale chini kama maelekezo yake yanavyosema. Boriti gonga kwa mpini wa nyundo; inayolia kama ngoma imeliwa. Badilisha hizo tu. Ukitumia mti wa mnazi, chukua mbao za upande wa gome, maana moyo wake ni laini na unaoza. Mikoko usiende kuikata, inahitaji kibali, na ndiyo inayozuia bahari isile pwani yetu.

Tumezaliwa watano. Mimi niko Dar na ndiye mwenye kipato. Nataka kukarabati nyumba ya mama, Chikongola, lakini shemeji yangu ananiambia nikimaliza ndugu watakuja kudai. Na mjomba naye anasema nyumba ni ya ukoo. Fundi keshapata malipo ya awali.

Hili limenigusa kuliko yote, kwa sababu nimeona nyumba nzuri ikifungwa kufuli na ndugu wa tumbo moja wakasusiana misiba.

Kukarabati hakukupi umiliki. Mama yenu akiwa ametangulia, nyumba ni mali ya mirathi mpaka igawanywe, hata ukiwekea vigae kila chumba. Na kwetu kusini kuna mambo mawili yanayokutana. Kwa mila za Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Lakini familia nyingi ni za Kiislamu na hugawa kwa sheria ya Kiislamu, yenye mafungu yake. Kila ndugu anaweza kushika kanuni inayompendelea, na wote wakawa wanasema kweli. Basi mkubaliane mnafuata ipi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa.

Itisheni kikao, mjomba awepo na apewe nafasi yake. Mchagueni msimamizi wa mirathi, mwandike muhtasari, kila mmoja asaini, mwende nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo ili athibitishwe. Kwenye karatasi nyingine andikeni kuhusu fedha yako: ipi ni sadaka kwa mama, ipi utarudishiwa nyumba ikiuzwa, nani atakaa, nani atalipa umeme. Risiti zitunze, na nakala apewe ndugu asiyekuamini sana, huyo hasa. Asiye na fedha asitengwe. Anayesimamia mafundi kila siku, akahesabu mifuko na kumwagilia zege, naye anachangia, na hilo liandikwe.

Fundi mpigie leo umwambie asubiri. Malipo yake ya awali hayapotei kama mmeandikiana. Kama hamkuandikiana, mwandikiane sasa, na tarehe ya kuanza iwe baada ya kikao.