Santuri za jazz: mie toleo la kwanza nshaliacha

Jamani ngoja niwaambie hasara yangu mapema ili yenu iwe ndogo. Mjomba wangu alikuwa baharia, akitoka safari alikuwa harudi bila sahani mbili tatu za jazz, kazifunga ndani ya kikoi zisivunjike, na ndo nikashikwa na huu ugonjwa nikiwa mdogo hapo Kibokoni. Nilipoanza kushika pesa zangu nikajiambia mie sinunui makombo, nataka toleo la kwanza, lile lile lililotoka siku hizo. Nikaagiza moja ya Lee Morgan, yule mpiga trampeti, ya kampuni ya santuri ya Blue Note, kwa muuzaji wa ng'ambo, bei siitaji kwa sababu mke wangu mpaka leo hajui, na ushuru juu yake. Ikafika, inang'aa wallahi, nikaiweka, nikateremsha sindano... kumbe kuna mtu anakaanga bhajia mle ndani ya spika! Na trampeti ikipanda juu inachanika kama khanga mbovu.

Baadaye ndo nikaelewa. Zamani pleya nyingi za nyumbani zilikuwa na sindano nzito, zinakwangua mifereji polepole miaka nenda rudi na kwa macho huoni mkwaruzo hata mmoja. Kwa hivyo kung'aa si kitu, kama huwezi kuisikiliza basi angalau muombe muuzaji akurekodie dakika moja ya mwisho wa upande, pale karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, ndo huwa pameumia zaidi.

Sasa hapo hapo karibu na lebo ndo penye siri yote ya bei. Shika sahani chini ya taa uinamishe kidogo, tazama ile sehemu laini baada ya wimbo wa mwisho. Kwenye Blue Note za zamani utakuta RVG au VAN GELDER, huyo ni Rudy Van Gelder, fundi wa New Jersey aliyekuwa akirekodi na kukata sahani mama, ile ambayo nyingine zote zinatokana nayo, kwa mkono wake. Pembeni utakuta alama ndogo kama herufi P ya mwandiko, wakusanyaji wanaiita sikio, hiyo ni ya kiwanda cha Plastylite. Mwaka 1966 Blue Note ilipokuwa imeshaingia mikononi mwa kampuni ya Liberty, sikio likatoweka, na bei za zile zilizofuata ziko chini sana. Lakini hebu fikiria, kama VAN GELDER bado imo basi imetoka kwenye ukataji wa yule yule fundi, kilichobadilika ni kiwanda na karatasi ya lebo. Yani watu wanalipia sikio!

Mie siku hizi ndo nazitafuta hizo za Liberty zenye Van Gelder. Ila angalia kava vizuri, kuna nyingine zilirekodiwa mono, yani sauti ya njia moja, halafu wakazigeuza stereo ya kubandika, ukiona neno "electronically" karibu na "stereo" rudisha pole pole mahali pake, sauti yake ni kama bendi iko ndani ya pipa.

Halafu kuna za Japani. Ile ile ya Lee Morgan nikaja kuipata ya kampuni ya King, hao walizitoa kuanzia 1977 mpaka 1983, kwa bei ambayo hata nikiitaja nyumbani hakuna kesi. Nikaweka sindano, kimya, nikadhani spika imekufa, kumbe nasikia pangaboi tu juu linazunguka, mara ngoma ikaingia. Wapo wanaosema za Japani besi yake imepoa kidogo, na kwa baadhi nakubali, lakini bhajia hakuna.

Na kuna nyingine toleo la baadaye ndo sahihi kuliko la kwanza. Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga trampeti mwingine, 1959, siku walipopiga nyimbo za upande wa kwanza mashine ya kurekodi ilikuwa inaenda polepole kidogo, kwa hivyo kwenye sahani noti zinasikika juu kuliko zilivyopigwa, na hayo marekebisho hayakuja mpaka 1992. Mwenye ile ya kwanza kalipa pesa nyingi, na trampeti imepanda.

Za mjomba? Zilikaa juu ya kabati, zimelazwa moja juu ya nyingine, ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kaskazi mbili tatu tu zikawa mabakuli, na kava zikashika ukungu. Zisimamishe wima jamani, mbali na dirisha, na ukiosha tumia yale maji safi ya betri ya petroli steshen (si asidi!) na tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe.

Na muuzaji akikataa kukupigia picha ya pale karibu na lebo, mwachie sahani yake.