Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Kijapani Alioturithisha Babu

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yetu alikuwa askari wa King's African Rifles na alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi nyumbani Magu na upanga wa Kijapani ambao mpaka leo umo katika sanduku la bati. Mpini wake umezungushiwa utepe wa kahawia uliochakaa, ala yake ni ya chuma, na ubapa una madoa ya kutu. Fundi wa kuchomelea wa hapa Igoma amejitolea kuusafisha kwa grenda, na mtu anayetaka kuununua anasema kwamba usipong'aa hauna bei. Mimi hukusanya sarafu na vitu vya kale, lakini panga za aina hii sizijui. Nitatambuaje kama ni wa kale kweli, na thamani yake hupimwaje?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya mengine yote tunakuomba umzuie huyo fundi leo hii. Ubapa wa upanga wa Kijapani hunolewa na mtaalamu kwa vinoo vingi, kila kimoja laini kuliko kilichotangulia, na ni katika uso huo wa juu kabisa ndipo zinapoonekana dalili zote za kazi ya mfuaji. Grenda, na hata msasa mwembamba, hufuta dalili hizo kwa dakika chache, na chuma kilichoondolewa hakirudi. Upanga wenye kutu unaweza kuchunguzwa na kuthaminiwa, lakini uliopitishwa grenda umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Habari za babu yenu zinalingana na historia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Tanganyika ndani yake, iliingia Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw katika mvua kubwa na kufika Kalewa mwezi Desemba. Askari wengi wa vita vile walirudi makwao na panga zilizookotwa vitani au zilizosalimishwa mwaka 1945. Hata hivyo, kupatikana vitani hakutuambii upanga ulifuliwa lini, kwa sababu jeshi la Japani lilibeba panga za namna mbalimbali, nyingine za karne nyingi na nyingine zilizotoka kiwandani miezi michache kabla.

Anza na mpini. Ikiwa huo unaoonekana kuwa utepe ni metali iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ili ifanane na utepe, na ikiwa kuna namba iliyogongwa kwenye ubapa karibu na mpini, basi mnao upanga wa askari wa vyeo vya chini wa muundo wa mwaka 1935, uliotengenezwa kwa mashine. Huo ni kumbukumbu ya vita, na wakusanyaji wa vifaa vya kijeshi huutafuta, hasa namba ya ubapa inapolingana na ile ya ala. Ikiwa utepe ni wa nyuzi halisi na chini yake kuna ngozi ya samaki aitwaye taa, yenye vipele vyeupe, huo ni upanga wa ofisa, na hapo uchunguzi unakuwa mzito zaidi, kwa sababu maofisa wengine walichukua upanga wa ukoo na kuuvisha mpini na ala za kijeshi. Ala ya chuma, kwa hiyo, haitoshi kukuambia umri wa kilichomo ndani.

Jibu liko kwenye msuka, yaani ile sehemu ya chuma iliyojificha ndani ya mpini. Mpini hushikiliwa na kigingi kidogo cha mwanzi ambacho upande mmoja ni chembamba kuliko wa pili. Kisukume taratibu kwa kijiti cha mti kuanzia upande mwembamba. Kisha shika mpini kwa mkono wa kushoto, ncha ikiwa juu na makali yakielekea mbali nawe, halafu gonga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa kulia mpaka msuka ulegee. Ukigoma, uache, wala usitumie nyundo. Watoto wasiwepo karibu.

Msuka ukishatoka, utazame kwenye mwanga wa dirisha. Kutu ya karne kadhaa ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, imetulia, na haiachi unga kidoleni. Ya wakati wa vita ni hafifu, na alama za tupa chini yake bado ni kali. Ya rangi ya chungwa inayopukutika ni mpya, au imetengenezwa kwa kemikali ili kumdanganya mnunuzi. Kutu hii ya msuka ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga, na anayeisugua amekichana. Tazama pia matundu ya kigingi: yakizidi moja, huenda upanga ulipunguzwa urefu zamani, na saini ya mfuaji ikapotea pamoja na kipande kilichokatwa. Panapo maandishi, yapige picha pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja hubeba jina na wa pili, mara nyingine, tarehe kwa miaka ya enzi ya mfalme. Mwaka wa 19 wa enzi iitwayo Showa, kwa mfano, ni mwaka 1944. Muhuri mdogo wa Showa au wa Seki (mji wa wafua panga) juu ya saini ni dalili ya kazi ya vita isiyofuata njia ya jadi, lakini ule wa nyota ni wa wafuaji walioidhinishwa na jeshi ambao waliifuata.

Sasa rudi kwenye ubapa na uuinamishe chini ya taa moja. Mfuaji wa jadi alipaka udongo mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali kabla ya kuuzima upanga majini, ndiyo maana makali yakawa magumu na mgongo ukabaki na unyumbufu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huitwa hamon, nao una kina: weupe kama ukungu, wenye chembe ndogo zinazometa ukibadilisha pembe. Mstari uliochorwa kwa asidi umelala juu ya chuma bila kina chochote. Chunguza pia, kwa kioo cha kukuzia, kama kuna ufa mwembamba unaokatiza makali. Huo ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, na hushusha thamani hata ya upanga bora.

Bei hatutaitaja kwa barua, kwa sababu hutegemea mfuaji, hali ya ubapa na ukweli wa saini, na saini za kughushi ni nyingi mno tangu zamani. Vyeti vinavyoheshimiwa zaidi hutolewa Tokyo na chama cha kuhifadhi panga za sanaa kiitwacho NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948. Lakini usiupeleke Japani kabla ya kuuliza: sheria ya huko husajili panga zilizofuliwa kwa njia ya jadi tu, na ule wa kiwandani utachukuliwa usirudi.

Kwa sasa, hewa yenye unyevu ya ziwani ndiyo adui wenu. Futa ubapa kwa pamba safi, paka mafuta mepesi ya cherehani kwa utando mwembamba sana, na usiuguse kwa vidole. Wajapani wenyewe hutumia mafuta yenye karafuu, jambo litakalowafurahisha wasomaji wetu wa Pemba. Msuka usipakwe kitu. Andikeni pia, wazee wakiwa bado hai, kila wanachokumbuka kuhusu upanga huo, na mkiweke pamoja na kitabu cha jeshi cha babu kama kipo.

SWALI: Nimeonyeshwa upanga wenye joka kwenye mpini, unaong'aa kama kioo, na muuzaji anasema ni wa Masamune. Niununue?
Mkusanyaji, Musoma

JIBU: Masamune, mfua panga mashuhuri wa Sagami huko Japani, alifanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, na kazi zake zenye saini ni chache mno, hivyo jina hilo likitajwa sokoni linapaswa kukutia shaka. Mwombe muuzaji aufungue mpini mbele yako. Ukikuta msuka mweupe usio na kutu, au kijiti chembamba cha chuma kilichochomelewa na kufungwa kwa nati, huo ni pambo la ukutani, na ulipe bei ya pambo. Akikataa kuufungua, usinunue.