Ukitoka Kitonga Kwenda Kuendesha Watalii Jangwani

Mlima Kitonga umewafundisha madereva wa Iringa mambo mawili: kushuka na gia nzito, na kuuacha mguu karibu na breki muda wote. Ukipata mkataba wa kuendesha watalii kwenye vilima vya mchanga kule Dubai, la kwanza lifungashe uende nalo. La pili liache Ruaha Mbuyuni. Nawaandikia vijana wa Iringa, Mbeya na Njombe mnaokaribia kuondoka, wa usukani na wa kambini, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya misimu kadhaa kabla ya kurudi kuendesha wageni wa Ruaha, na maswali mnayoniuliza kila mara ni ya mshahara tu. Hayo ya mshahara soma kwenye mkataba. Mimi nitasema ya kazi.

Kwanza karatasi, kwa ufupi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kushikilia nyaraka zako, pasipoti ikiwemo, na inamkataza kukutoza gharama za kukuajiri. Muda wa majaribio hauruhusiwi kuzidi miezi 6. Kwa hiyo wakala anayekudai "hela ya nafasi" pale Uyole, tena kwa simu, mpite. Ulizia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama ana leseni. Ya pili, leseni yako ya hapa haikupi usukani kule: utaingia shule ya udereva, utafanya mtihani, na kubeba watalii jangwani kuna kibali chake juu ya hiyo leseni. Na kule magari yanapita kulia. Aliyekulia barabara ya Makambako hadi Tunduma atashangaa jinsi mkono unavyotafuta gia upande usiokuwepo. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza kama wasaidizi wa kambi, tukibeba mbao za kutelezea mchangani na kuwafunga watu kofia ngumu. Usione umeshushwa cheo. Kambini ndipo unapoona wageni wanashuka kwenye magari ya kila aina ya dereva, na sura zao zinakwambia nani alijua kazi.

Siku yenyewe ina mpangilio unaojirudia. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Wageni huchukuliwa hotelini kama saa 9 alasiri, mnakwenda kwa lami hadi ukingo wa mchanga, mnapunguza upepo wa tairi, mnacheza na vilima nusu saa au zaidi, mnasimama kupiga picha na kutelezea mbao, jua linazama, kisha kambini kuna ngamia, hina, nyama ya kuchoma na ngoma. Saa 3 usiku mnarudi. Ukiisoma kwenye kipeperushi unaona shughuli ni ya vilimani. Mimi nasema sehemu ngumu kuliko zote ni dakika kumi za kwanza hotelini, gari likiwa limezimwa.

Hapo ndipo inabidi uulize habari za miili ya watu. Gari likianza kupanda na kushuka, kiuno na shingo za abiria zinapigika kwelikweli, hata mkanda ukiwa umefungwa na gari lina kizimba cha chuma ndani. Mjamzito hapandi. Mwenye mgongo mbovu, shingo iliyoumia, moyo unaosumbua au mshono wa upasuaji wa juzi hapandi. Mtoto mchanga hapandi. Tatizo ni kwamba mgeni ameshalipa na hataki kubaki nyuma, kwa hiyo ananyamaza. Na tatizo jingine ni sisi. Kwetu, kumuuliza mama wa watu mbele ya mumewe kama ni mjamzito ni utovu wa adabu, na kijana aliyelelewa vizuri Tukuyu au Kilolo atang'ata ulimi. Usimuulize mtu mmoja. Sema na wote, kwa sauti ya kawaida: tutatikisika sana, wenye mgongo, moyo, ujauzito au upasuaji kuna gari jingine linalokwenda kambini kwa njia tambarare, chakula na ngamia ni vilevile, aniambie pembeni. Kisha fungua buti, jishughulishe na maji ya kunywa, uwape nafasi ya kukufuata. Watakufuata. Mtu akipewa mlango wa kutokea bila aibu, anautumia. Kabla hujaahidi gari hilo, lakini, hakikisha lipo. Kama kampuni haina, mwambie msimamizi mapema, kabla mgeni hajawa kwenye mchanga akilia.

Uliza pia wamekula nini na saa ngapi. Mtu aliyetoka kwenye meza ya hotelini akiwa ameshiba pomoni atakuchafulia gari kwenye kilima cha tatu. Mkalishe mbele, mpe mfuko mkononi, mwambie atazame mbali. Usimcheke.

Sasa tairi. Kwenye lami wengi huendesha na upepo wa psi 35 hivi. Kwenye mchanga laini unashusha hadi kati ya 15 na 18. Tairi likilegea, sehemu inayogusa chini inarefuka, uzito wa gari unatawanyika, nalo linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ndiyo siri ya unyayo mpana wa ngamia. Ninyi wa Pawaga na Idodi mnaojua mchanga wa Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi mmeshaona gari zito likizama hadi ekseli huku la pembeni yake, lililopunguzwa upepo, likipita. Kanuni ni hiyohiyo. (Mkitaka mazoezi kabla ya safari, tafuteni korongo la mchanga kijijini kwa ruhusa ya wenyewe. Msiende kujifunzia hifadhini, maana kutoka nje ya barabara kule ni kosa.) Usijifanye mjuaji ukashusha chini ya 12, labda umekwama na unataka kutoka pole pole: ukikata kona kwa nguvu tairi linachomoka kwenye ringi, na kulirudisha mchangani jua likiwa kichwani ni kazi ya kuomba msamaha kwa lugha tatu. Tumia geji kwa kila tairi. Kukadiria kwa kupiga teke ni kwa baiskeli.

Kilima cha mchanga kina pande mbili, na dereva asiyezitofautisha ni hatari. Upande unaopigwa na upepo una mteremko wa polepole, nyuzi 10 hadi 15, na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa nyuma, ambako mchanga humwagika, una nyuzi 32 hadi 34 na ni laini mno. Hauwezi kuwa mkali zaidi ya hapo, kwa sababu mchanga mkavu ukizidi pembe hiyo unaporomoka wenyewe. Unapanda kwa upande wa upepo, kwa mwendo uliouchukua ukiwa chini, si kwa kukanyaga mafuta katikati ya mlima. Ukikaribia ncha unalegeza mguu, kwa sababu hujui ng'ambo kuna nini: mwenzako, ngamia, au shimo. Ukilegeza mno, gari linakaa tumbo juu ya ncha, tairi zote zinaning'inia, na abiria wanapata picha nzuri sana ya dereva wao na beleshi.

Kushuka upande mkali ni moja kwa moja, pua ikitazama chini, gia ndogo. Hapa Kitonga inakusaidia. Kinachokuponza ni mazoea ya milima yetu ya kukata mteremko kwa mshazari, kama unavyofanya barabara ya Makete tope likiwa jingi. Kwenye mchanga mshazari ndio unaopindua magari. Mkia ukianza kuteleza pembeni, geuza usukani uelekee chini na ongeza mafuta kidogo, gari litanyooka. Ukikanyaga breki, tairi za mbele zinajijengea ukuta wa mchanga, mkia unakuja mbele, na gari linalala ubavu. Hata kusimama tambarare usitumie breki. Acha mguu, gari lisimame lenyewe, na liegeshe likitazama mteremko ili kuondoka kuwe rahisi. Ukishindwa kufika juu, usithubutu kugeuza pale kilimani. Ingiza rivasi, rudi ukifuata nyayo zako mwenyewe hadi chini, jaribu tena.

Mwanga nao una mambo. Saa sita mchana jua likiwa utosini hakuna kivuli, vilima vyote vinaonekana kama uwanja, na unaweza kufika kwenye ncha bila kuiona. Jioni kivuli kinarudi na kila mkunjo unaonekana, lakini mchanga uliopikwa kutwa nzima ni laini kuliko wa asubuhi. Kwa hiyo alfajiri gari linapanda kirahisi njia ambayo jioni itakukwamisha. Usiape kwa njia uliyoipita asubuhi.

Mtakwama, wote hukwama. Anayejua huacha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo unachimba kaburi. Teremsha abiria, waongoze kwenye usalama mbali na njia ya magari mengine, punguza upepo zaidi, ondoa mchanga mbele ya tairi na chini ya tumbo, jaribu rivasi. Ikibidi kuvutwa, mkanda ufungwe kwenye ndoano iliyoungwa kwenye chesesi. Usifunge kamwe kwenye kichwa cha kuvutia tela: kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu sehemu nyingi duniani. Wageni watataka kusogea kurekodi video. Wafukuze kwa adabu, wakae mbali kuliko urefu wa mkanda.

Wa kambini, zamu yenu. Pikipiki za magurudumu manne zina mlingoti wenye bendera, nao si urembo. Ndio unaomwonyesha dereva wa ng'ambo kwamba kuna mtu anapanda. Iliyopoteza bendera haitoki. Wageni wakae kwenye mstari mmoja nyuma ya kiongozi, na wewe wa mwisho ndiye unayehesabu. Mbao za kutelezea hupakwa nta chini, na kushuka ni sekunde chache tu. Kinachowachosha watu ni kupanda tena kwa miguu. Mzee akishapanda mara mbili mpe maji na sababu ya kukaa. Anayejaribu mara ya kwanza aanze amekaa.

Kuhusu ngamia, onyo linatakiwa litoke kabla hajainuka. Huinua miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo aliye juu anarushwa mbele. Mwambie aegemee nyuma na ashike sawasawa. Wakati wa kupiga magoti ngamia anatanguliza ya mbele, aliye juu anarushwa mbele tena, aegemee nyuma tena. Wengi wanakumbuka kumwambia mgeni wakati wa kupanda na kusahau wakati wa kushuka, na kwenye kushuka ndiko watu wanakoanguka, maana simu zimeshatoka mfukoni.

Utaulizwa maswali. Kwa nini mchanga wa Lahbab, vilima vya jangwani kule Dubai, ni mwekundu? Chembe zake zimevaa kutu ya chuma, jambo lilelile linalofanya udongo wa Mafinga uwe mwekundu. Ule mti peke yake pale? Huo ni ghaf, mti wa taifa, usiukanyage wala usifunge kamba. Mnyama mweupe mwenye pembe ndefu ni choroa wa Arabuni, aliyetoweka porini mwaka 1972 kisha akarudishwa kwa wale waliofugwa. Jibu fupi linatosha, wageni wengi wanataka picha.

Joto litakusumbua kuliko unavyodhani, hasa mtu wa Njombe. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 sheria ya kule inasimamisha kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:00 alasiri. Fahamu hilo na ulidai. Baridi ya jangwani usiku wa Januari, kwa upande mwingine, wenzako watavaa makoti na wewe wa Makete utatembea na shati. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, chakula husubiri Magharibi na ngoma hupunguzwa au hufutwa. Waeleze wageni hotelini, si wakiwa wameshakaa kwenye mikeka.

Kuna mgeni atakayepiga kelele "kasi zaidi" kila kilima. Mtazame aliyekaa nyuma yake kwenye kioo. Kama huyo ameshika kiti kwa mikono miwili na hacheki, kasi imeshatosha. Bakshishi ya mpiga kelele mmoja haifidii abiria watano walionyamaza.

Kabla ya lami, jaza upepo. Tairi la psi 15 likikimbizwa kwenye barabara kuu linachemka hadi linapasuka, na usiku mtu amechoka ndipo anapojiambia atajaza mbele. Kambini kuna kompresa, panga foleni. Safisha kichujio cha hewa usiku huohuo, na kama umesikia mlio mpya chini ya gari muandikie fundi kabla ya kulala; kesho gari hilo anaweza kupewa mwingine.

Na jifunze Kiurdu kidogo. Madereva wengi ni Wapakistani na Wahindi, na kwenye redio ya gari hakuna atakayekutafsiria. Anza na aage, mbele, piche, nyuma, na ruko, simama. Mengine utayapata jikoni, wapishi hufundisha haraka kuliko madereva.